Kipeo, Kipeuo na Namba Isiyojulikana: Uhakiki wa Istilahi za Milinganyo ya Vipeo kwa Darasa la Kampala

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi ambazo Kiswahili sanifu huzitumia katika kutatua milinganyo yenye vipeo, hasa kipeo, kipeuo, kizio na logi. Inadaiwa kwamba istilahi hizo zimezoea kupimwa moja moja katika orodha, badala ya kupimwa ndani ya sentensi ya mtu anayetatua mlinganyo. Inadaiwa pia kwamba udhaifu wake umefichika kwa sababu hisabati ya Kiswahili hukoma darasani kabla namba isiyojulikana haijapanda juu na kuwa kipeo. Mifano imetolewa Uganda: ongezeko la watu baina ya sensa za 2014 na 2024, na kikomo cha riba ya wakopeshaji kilichotangazwa 2024. Mzungumzaji wa Luganda anaonekana kuwa na kikwazo cha kimatamshi na msaada wa kimofolojia katika jozi ileile ya maneno.

1.0 Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo haukuanzia hewani. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, kitakachotumika katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kwa sheria. Na mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika Kidato cha Kwanza na cha Pili. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kampala mwenye umri wa miaka 13 au 14 hukutana na Kiswahili katika miaka ileile ambayo, katika chumba hichohicho na pengine saa moja kabla, amekutana na aljebra kwa Kiingereza.

Mjadala wa Kiswahili nchini Uganda umezoea kwenda njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kumbukumbu: lugha ya askari, tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 lililokifanya Kiswahili lugha ya taifa, na woga uliobaki Buganda baada yake. Njia ya pili ni ya soko: Jumuiya ya Afrika Mashariki, malori, mipaka, ajira. Zote zinauliza kama Waganda watazungumza Kiswahili. Swali linalosahaulika ni kama watahesabu kwacho. Lugha rasmi ndiyo lugha ya matangazo ya riba, ya takwimu za sensa, ya bajeti, na mambo hayo yote yana vipeo ndani yake hata pale ambapo hakuna kipeo kilichoandikwa. Mtu anayesoma kwa Kiswahili kwamba riba ni asilimia fulani kwa mwezi, lakini hana maneno ya kuuliza deni litaongezeka maradufu lini, amepewa nusu ya lugha.

2.0 Mahali hisabati ya Kiswahili ilipokomea

Kampala si mgeni katika historia ya usanifishaji. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 na kuanzia kazi Dar es Salaam, ilihamia Nairobi mwaka 1942 na Makerere mwaka 1952, kabla ya kwenda Mombasa na hatimaye kurejea Dar es Salaam mwaka 1964 ikiwa chuo cha uchunguzi. Zipo sababu nyingi za kusema kwamba Kiswahili kilipita Makerere bila kuacha mizizi mjini. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kazi ya Kamati kwa muda mrefu ilikuwa tahajia, kamusi ya jumla na idhini ya vitabu vya shule. Istilahi za hisabati zilisubiri Tanzania ya baada ya 1967, pale Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa.

Hapo ndipo kipeo na kipeuo vilipopata makazi ya kudumu. Mtoto wa Tanzania hujifunza kwamba kipeo cha pili cha 5 ni 25, na kwamba kipeuo cha pili cha 144 ni 12. Hurahisisha mitajo ya aljebra, hutatua milinganyo midogo, kisha humaliza darasa la saba na mlango hufungwa. Vipeo kwa upana wake, milinganyo ya kipeo cha pili na logi huja katika Kidato cha Pili, kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote za elimu. Vitabu vya hisabati vya sekondari viliendelea kuchapishwa kwa Kiingereza.

Matokeo ya mpaka huo kwa istilahi ni makubwa kuliko inavyodhaniwa. Darasani, Kiswahili kimeombwa kutafuta x katika x² = 49. Hakijaombwa kutafuta x katika 2ˣ = 32. Katika mlinganyo wa kwanza kipeo kinajulikana na kimekaa kimya juu ya herufi. Katika wa pili kipeo ndicho kinachosakwa. Istilahi ambayo haijawahi kusakwa inaweza kuishi miaka hamsini bila mtu kugundua kwamba haijulikani hasa inataja kitu gani. Wataalamu nao walikuwa wakitazama kwingine. Utafiti mashuhuri wa H. J. M. Mwansoko wa mwaka 1990 kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili ulichunguza istilahi za isimu na fasihi, na si ajabu: wanaoandika kuhusu istilahi ni watu wa isimu na fasihi. Hisabati iliachiwa walimu, na walimu walikuwa na mtihani wa kumalizia.

3.0 Kipeo kimoja, mizigo mitatu

Katika usemi wa kawaida kipeo ni upeo, mahali pa juu kabisa ambapo jambo limefika. Wahakiki wa riwaya na tamthilia husema habari ya kipeo cha mgogoro. Katika jiometria neno hilo hutumika kwa ncha ambapo mistari ya umbo inakutana. Katika namba hutumika kwa vitu viwili ambavyo mwalimu hodari huvitenganisha kwa kidole ubaoni, kwa sababu neno halivitenganishi.

Sentensi «kipeo cha pili cha 5 ni 25» inasema kwamba kipeo ni 25, yaani matokeo ya kuzidisha. Sentensi «katika 5², kipeo ni 2» inasema kwamba kipeo ni ile namba ndogo iliyoandikwa juu. Zote mbili husemwa, na zote mbili ni Kiswahili kizuri. Sasa mwanafunzi apewe mlinganyo 2ˣ = 32 na aambiwe «tafuta kipeo». Akijibu 5 yuko sahihi. Akijibu 32 yuko sahihi pia, maana 32 ni kipeo cha tano cha 2, na amejibu bila kutatua chochote. Kiingereza kina ugonjwa huohuo katika neno lake la nguvu, ila kina neno la pili la kukimbilia pale mambo yanapochanganyika. Kiswahili cha shuleni hakina la pili, kwa kuwa hakijawahi kulihitaji.

Tatizo la pili limejificha katika kiungo «cha». Kiswahili huhesabu vipeo kwa mpangilio: cha pili, cha tatu, cha nne. Mpangilio huo hufaa watu waliopanga foleni. Kipeo, hata hivyo, kinaweza kuwa sifuri, kinaweza kuwa nusu, kinaweza kuwa hasi. Kuanzia tatu kwenda juu tofauti haionekani, maana «cha tatu» ni mpangilio na ni idadi kwa pamoja. Inaonekana wazi penye mbili. Kwa 5² husemwa «kipeo cha pili»; kwa 5⁻² hakuna awezaye kusema «kipeo cha hasi pili». Atasema «hasi mbili», na kwa kufanya hivyo amebadili sarufi katikati ya safari: kipeo kilichokuwa hatua katika ngazi kimegeuka kiasi. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba vipeo ni cha kwanza, cha pili na cha tatu ana haki ya kuuliza kipeo cha nusu kinasimama wapi katika foleni hiyo. Tatizo hilo ni la lugha kabla halijawa la hisabati.

Dawa yake haihitaji neno jipya. Inatosha kukiwekea kipeo mzigo mmoja, ule wa namba ndogo iliyo juu, na matokeo yaitwe zao, neno ambalo darasa limekwisha kulizoea katika kuzidisha. Namba inayojizidisha yenyewe ibaki kizio, ingawa kizio nacho kina jamaa wengi, kuanzia vizio vya vipimo hadi kizio cha nazi. Basi 2⁵ = 32 isomeke «mbili kwa kipeo tano ni thelathini na mbili», bila «cha». «Kipeo cha pili» kiruhusiwe kuishi kama jina la heshima la mraba, kama lilivyoishi. Pindi tu x inapopanda juu, «cha» ishuke.

4.0 Sensa, kipeuo na sikio la Kampala

Sensa ya Agosti 2014 iliwahesabu watu milioni 34.6 nchini Uganda. Ile ya Mei 2024 iliwahesabu milioni 45.9. Ukichukua muda huo kuwa takriban miaka 10 na kuuliza watu waliongezeka kwa kiwango gani kila mwaka, unapata mlinganyo wenye kipeo: 34.6 × (1 + r)¹⁰ = 45.9. Wanahabari wengi wangetoa 34.6 katika 45.9, wangegawanya kwa 34.6, kisha kwa 10, na kutangaza asilimia 3.3. Hesabu hiyo inasahau kwamba watoto waliozaliwa baada ya sensa ya kwanza nao huongeza idadi inayozaa. Njia sahihi ni kugawanya pande zote kwa 34.6 ili kubaki na (1 + r)¹⁰ = 1.327, halafu kutafuta namba ambayo ikijizidisha mara kumi inatoa 1.327. Namba hiyo ni kipeuo cha kumi cha 1.327, nayo ni karibu 1.029. Kiwango, basi, ni takriban asilimia 2.9 kwa mwaka, kiasi kilekile ambacho Ofisi ya Takwimu ya Uganda imekitangaza.

Kipeuo ni neno lililoundwa kwa akili. Kitenzi pea, kufikia kikomo cha kukua, ndicho jamaa wa upeo na kipeo. Kiswahili kina kiambishi -u- cha kutendua, kinachogeuza tendo lirudi lilikotoka: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tata na tatua. Ukikisoma kipeuo kwa kanuni hiyo, unaona kipeo kilichotenduliwa. Namba ilipandishwa; kipeuo kinaishusha. Lugha nyingi za Ulaya huitaja namba hiyo kwa jina la mzizi wa mmea, kama Kiarabu kilivyofanya kabla yake, na picha hiyo ya mzizi haimwambii mtoto kwamba tendo hili ni kinyume cha lile. Kiswahili kinamwambia kwa irabu moja. Wale wanaoandika «mzizi wa mraba» kwa kufuata Kiingereza wanatupa hazina iliyomo ndani ya nyumba.

Irabu moja, hata hivyo, ni uzi mwembamba. Katika kinywa cha Kiswahili tofauti hushikwa na mkazo: kipeo hukazwa penye -pe-, kipeuo hukazwa penye -u-. Luganda ni lugha ya toni, na mkazo wa namna hiyo hauna kazi ndani yake. Zaidi ya hapo, Luganda hairuhusu irabu mbili tofauti kusimama sambamba ndani ya neno. Moja hugeuka kiyeyusho, au hudondoshwa na nyingine hurefushwa, au kiyeyusho huingizwa baina yake. Ndiyo maana redio ikawa leediyo. Kwa desturi hiyo kipeo huelekea kupata w baina ya e na o, na kipeuo, chenye irabu tatu mfululizo, ni rahisi kuishia hapohapo. Darasani Kampala, basi, maneno mawili yanayotaja matendo mawili yaliyo kinyume yanaweza kusikika kama neno moja. Ni vigumu kubuni ajali mbaya zaidi kwa istilahi. Mtu anayeambiwa atafute kipeo cha pili cha 16 akasikia kipeuo atajibu 4 mahali pa 256.

Hapa mtu angeweza kuhitimisha kwamba jozi hiyo haifai Uganda. Lakini Luganda iliyoleta kikwazo ina dawa yake. Kutendua ni jambo ambalo kila mtoto wa Luganda analifanya kwa kinywa chake tangu utotoni: okubikka ni kufunika, okubikkula ni kufunua, okuzinga ni kukunja, okuzingulula ni kukunjua. Sikio lake linaweza kushindwa kuinasa -u- ya kipeuo katika mwendo wa kusema, lakini sarufi yake inaijua -u- hiyo vizuri kuliko sarufi ya Mwingereza yeyote. Mwalimu akiandika ubaoni bikka na bikkula, chini yake funika na funua, na chini yake kipeo na kipeuo, mwanafunzi amepata neno pamoja na hisabati yake. Kampala ina watu wanaofahamu thamani ya njia hiyo. Kibuuka B. Kiingi, ambaye jina lake limeambatana na kamusi kubwa ya Luganda ya Makerere, alitumia miaka mingi kuunda istilahi za sayansi kwa kuchimbua mofolojia ya Luganda yenyewe. Watunga istilahi wa Kiswahili na wa Luganda wamefanya kazi kama majirani wasiopigiana hodi, ilhali viambishi vyao ni ndugu.

Kasoro moja ya kipeuo haiponi kwa sarufi. Neno «fungua» linaahidi kwamba mlango utarudi kama ulivyokuwa. Mlinganyo x² = 49 una majawabu mawili, 7 na hasi 7, kwa kuwa kujizidisha kulifuta alama na hakuna kutendua kunakoweza kuirudisha. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7 tu. Vitabu vya msingi havina haja ya kulisema hilo, maana namba hasi huwa hazijapata nafasi ya kusumbua. Mwalimu wa Kidato cha Pili hana budi kutenga kipeuo na jawabu, na Kiswahili kinamruhusu bila shida.

5.0 Deni, na kutendua kwa pili

Mwaka 2024 Serikali ya Uganda, kwa mamlaka ya sheria ya mwaka 2016 inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji, ilitangaza kwamba mkopeshaji asitoze riba inayozidi asilimia 2.8 kwa mwezi, au asilimia 33.6 kwa mwaka. Tangazo hilo ni maandishi mafupi ya hisabati, na linastahili kusomwa kama msomaji makini anavyosoma beti. 33.6 ni 2.8 mara 12. Aliyeandika alizidisha. Riba inayofikiriwa, basi, ni riba isiyozaa riba: shilingi 1,000,000 iliyokopwa inadaiwa 1,336,000 baada ya mwaka. Kama riba isiyolipwa ingeongezwa kwenye deni kila mwezi, mzidisho ungekuwa 1.028 kwa kipeo 12, yaani karibu 1.393, na deni lingekuwa takriban 1,393,000. Shilingi 57,000 zinakaa katika ile namba ndogo iliyo juu. Mdaiwa wa Owino au Kalerwe anayesikia «asilimia mbili nukta nane» hawezi kujua yuko katika hesabu gani mpaka aulize kama riba inazaa. Na kuuliza hivyo ni kuuliza kama n ni kizidishi au ni kipeo.

Aulize zaidi: kama inazaa, deni litaongezeka maradufu lini? Mlinganyo ni 1.028ⁿ = 2. Zao linajulikana, kizio kinajulikana, kipeo hakijulikani. Kipeuo hakisaidii hapa hata kidogo, na hili ndilo jambo ambalo istilahi zetu zimelificha. Kujumlisha kuna kinyume kimoja, kutoa. Kuzidisha kuna kinyume kimoja, kugawanya, kwa sababu 3 mara 4 na 4 mara 3 ni mamoja. Kupandisha kwa kipeo si hivyo: 2⁵ ni 32 na 5² ni 25. Kwa kuwa nafasi mbili hazibadilishani, kila moja inahitaji njia yake ya kurudi. Anayetafuta kizio hutumia kipeuo. Anayetafuta kipeo hutumia logi. Kiambishi -u- kilitumika kwa wa kwanza, na wa pili akapewa neno la mkopo ambalo halina uhusiano wowote wa umbo na wenzake.

Yapo mapendekezo ya aina nyingi ambayo mtu angeweza kuyatoa: kuunda neno la tatu kutoka shina -pe-, au kufufua neno la Kiarabu. Makala hii inaona kwamba ni afadhali kuiacha logi ilivyo. Neno la tatu la shina -pe- lingezidisha msongamano wa irabu ambao Kampala tayari haiumudu, na logi ni fupi, inatamkika, na imeandikwa kwenye kila kikokotoo. Kinachohitajika ni maelezo yake kwa Kiswahili: logi ya 32 kwa kizio 2 ni kile kipeo kinachoifanya 2 iwe 32. Maelezo hayo yanasimama pale tu kipeo kinapokuwa na maana moja. Kama kipeo kinaweza pia kuwa 32, sentensi nzima inaanguka. Hivyo udhaifu wa neno la Kiswahili ndio unaolifanya neno la kigeni lionekane gumu.

Deni lenyewe linaweza kutatuliwa hata bila logi, kwa kuzidisha kwa subira. Baada ya miezi 12 ni mara 1.393, baada ya miezi 24, mara 1.940, baada ya 25, mara 1.994, baada ya 26, mara 2.050. Deni linavuka maradufu ndani ya mwezi wa ishirini na sita. Kwa riba isiyozaa ingechukua karibu miezi 36. Mdaiwa anayejua tofauti hiyo ya miezi kumi anayo hoja ya kupeleka mbele ya mkopeshaji.

6.0 Lugha ya kutatua: kuhamisha na kulinganisha

Vitenzi vinastahili neno, japo kwa ufupi, maana majina huonewa mengi na vitenzi huachwa vikatembea. Kitenzi kinachotawala ubaoni ni kuhamisha: «hamisha 3 upande wa pili, badilisha alama». Kwa x + 3 = 10 kinaleta jawabu. Kwa vipeo kinaleta maafa. Mwanafunzi aliyezoea kuhamisha huandika x² = 49, huihamisha 2, na kupata 47 au 24.5. Kila mwalimu amewahi kuyaona majawabu hayo kwenye daftari. Kipeo hakihamishiki, kwa kuwa hakikai kando ya x kama jirani. Kimeipanda x yenyewe.

Neno mlinganyo lilikwisha kutoa njia bora. Lingana ni kuwa sawa, na kilicho sawa hubaki sawa pande zote mbili zikitendewa tendo moja. Kitabu cha Al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 9 na kuipa aljebra jina lake, kilitaja matendo mawili: al-jabr, kurudisha kilichovunjika mahali pake kama mganga aungavyo mfupa, na al-muqabala, kuweka vitu ana kwa ana. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa la pili, ni mkabala. Mraba wa namba isiyojulikana Al-Khwarizmi aliuita mali, na sehemu kubwa ya kitabu chake ilishughulikia mirathi, hesabu ambazo pwani ya Waswahili imezifanya kwa nusu, robo na thumuni karne nyingi kabla ya shule za serikali. Watunga istilahi waliosema kwamba hisabati ni bidhaa ngeni katika Kiswahili hawakuitazama kamusi yao wenyewe kwa makini. Kwa darasa la Kampala fundisho la vitendo ni dogo: badala ya «hamisha», isemwe «tendua pande zote mbili», na hapo kitenzi na istilahi vinakuwa vya ukoo mmoja.

7.0 Kipeo cha nusu

Mlinganyo 4ˣ = 2 ndio mtihani wa haki kwa mfumo mzima. Kizio ni 4, zao ni 2, kipeo hakijulikani, na zao ni dogo kuliko kizio, jambo ambalo kipeo cha kupanga foleni hakiwezi kulieleza. Njia ya kutatua ni fupi. 4 ni 2 kwa kipeo 2. Basi 4ˣ ni 2 kwa kipeo 2x. Upande wa kulia ni 2 kwa kipeo 1. Vizio vikiwa sawa, vipeo navyo vilingane. 2x ni 1, na x ni nusu. Nne kwa kipeo nusu ni mbili. Lakini mbili ndiyo kipeuo cha pili cha nne. Kwa hiyo kipeuo cha pili ni kipeo nusu, kipeuo cha tatu ni kipeo theluthi, na kipeuo cha kumi kilichotafutwa katika hesabu ya sensa ni kipeo sehemu moja ya kumi.

Ukaribu wa kipeo na kipeuo, uliohesabiwa hapo juu kuwa hatari kwa sikio, unapata uhalali wake katika hatua hii: vitu viwili vinavyotajwa ni vya aina moja, na kimoja kinaandikika kwa kingine. Hakuna jozi ya maneno ya Kiingereza inayoonyesha ujamaa huo kwa umbo lake. Sentensi «kipeuo cha pili ni kipeo nusu» ni ya Kiswahili fasaha, ina maneno sita, na mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kuithibitisha kwa kikokotoo akiwa na namba yoyote isiyo hasi. Mahali pake ni katika kitabu cha Kidato cha Pili, na kitabu hicho, Dar es Salaam na Kampala kwa pamoja, bado kimeandikwa kwa Kiingereza.